Kurundika Unga na Sanitaiza Siku Hizi za Korona: Ni Akiba au Ni Ihtikari?

SWALI:

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini. Wageni walipoanza kuondoka akapewa likizo bila mshahara. Siku ile ya Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, ilipotangazwa kuwa korona imeingia Kenya, alichukua mkopo wa simu, akaongeza pesa tulizoweka za kodi ya nyumba, akanunua marobota 14 ya unga wa mahindi, magunia mawili ya mchele ya kilo 50, mitungi minne ya mafuta ya kupikia ya lita 20 na makatoni matatu ya sanitaiza. Chumba cha watoto hakina pa kukanyaga. Nilipomuuliza akanijibu kuwa Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wake chakula cha mwaka, na kuwa akiba haiozi. Sasa anasema tutakula tunachoweza, kitakachobaki atakiuza bei ikipanda karibu na Ramadhani. Anasema yeye si mfanyabiashara, na katika madhehebu yetu ya Shafi hakuna ihtikari, yaani kuzuia bidhaa hadi bei ipande, kwenye kitu kama sanitaiza. Rafiki yake amemshauri aitie maji kidogo ipate kuwa nyingi.

Jirani yangu anafulia watu nguo. Siku hizi hakuna anayemwita, watu wanaogopa kuingiza mtu nyumbani. Alikuja na pesa mkononi, anataka pakiti mbili za unga kwa bei ya dukani kwa sababu maduka ya mtaani yamekwishiwa. Mume wangu akamwambia hatuuzi. Tangu hapo naona haya kumtazama. Je, haya tuliyofanya ni halali? Naweza kumpa unga bila mume wangu kujua? Na upande wa pili kuna ustadhi ametuma sauti kwenye simu, anasema Muislamu anayenunua chochote cha kuweka wakati huu hana tawakkuli, yaani hamtegemei Mwenyezi Mungu. Tumfuate nani?

JIBU:

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na swahaba zake.

Dada yetu, maswali ya unga na sanitaiza yamekuwa mengi wiki hizi mbili, na takriban yote yanauliza jambo moja: niweke kiasi gani? Wewe umemtaja aliyekosa unga. Kwa ajili hiyo nimeona nikujibu kwa urefu, na kwa ajili ya hoja za mumeo pia, maana si zake peke yake. Zinasemwa barazani, zinasemwa dukani, na wanaozisema wanazivika Hadithi za kweli.

Hukumu yenyewe ni fupi. Kuwawekea watoto chakula ni halali, bali ni jambo zuri. Kununua sokoni wakati wa uhaba kiasi kinachowakosesha wengine hakuruhusiwi, hata kama nia ni kula. Kukizuia kile kilichonunuliwa hadi bei ipande ni ihtikari, nayo ni haramu. Sanitaiza ikitiwa maji ni ghishi, yaani kudanganya katika bidhaa, nayo ni haramu tena ni hatari. Mkopo wenye nyongeza ni riba. Sasa tuziangalie hoja.

Hoja ya kwanza ni kuwa Mtume (s.a.w.) aliweka chakula cha mwaka. Ni kweli. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (r.a.). Lakini isome yote. Umar anasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza mitende ya Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi lililokuwa Madina, na kuwawekea watu wake chakula cha mwaka wao. Yaani chakula kile kilitoka katika mashamba yaliyokuwa mkononi mwake. Hakwenda sokoni Madina siku ambayo watu wamejaa hofu akaondoa chote kilichopo, akamwacha mjane anarudi na kapu tupu. Anayeitumia Hadithi hii kuhalalisha marobota 14 ameichukua nusu.

Wala ufafanuzi huu sikuutunga mimi. Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani tunamtegemea katika madhehebu, aliposherehesha Hadithi hiyo alizitenganisha hali. Mtu akiweka mazao ya shamba lake, inajuzu. Akitaka kununua sokoni ili awawekee watu wake, basi kama ni wakati wa dhiki ya chakula haijuzu, bali anunue kiasi kisichowabana Waislamu, kama chakula cha siku kadhaa au cha mwezi. Na kama ni wakati wa wasaa, anaweza kununua cha mwaka na zaidi. Amenakili kutoka kwa Qadhi Iyadh kuwa huu ndio mgawanyo wa wanachuoni walio wengi. Kuna waliojuzisha bila sharti, naye hakuwaficha. Lakini aliyesema "mimi ni Shafi" na ashike mgawanyo huu, maana ndio uliomo katika kitabu cha imamu wake.

Sasa tuupime ununuzi wa mumeo kwa kipimo hicho. Robota moja lina pakiti 12 za kilo 2, basi 14 ni pakiti 168, kilo 336. Nyumba ya watu sita, wanne kati yao watoto, ikisonga ugali mara moja kwa siku humaliza pakiti moja kwa siku moja na nusu hivi. Mwezi mzima ni kama pakiti 20, hayafiki marobota mawili. Alichonunua ni chakula cha zaidi ya miezi minane, mbali na kilo 100 za mchele. Huo si mwezi wa Nawawi.

Na ile kauli kuwa akiba haiozi, kwa unga wa mahindi hapa pwani, tena chumbani walalamo watoto, haisimami. Unga wa pakiti una tarehe yake, na kwa kawaida ni miezi michache tu. Unga usiokobolewa huharibika mapema zaidi kwa sababu mafuta ya kiini cha mahindi huchacha na kuwa machungu. Masika yako mlangoni: hewa ya Aprili na Mei ina maji, pakiti zilizolazwa sakafuni na kuegemezwa ukutani hunyonya unyevu, unga huganda mabonge, kisha huja ukungu na fukusi. Msisahau kuwa mwishoni mwa mwaka 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo inatokana na ukungu, na kupika hakuiondoi. Basi huenda chakula hiki kikanyimwa jirani mwezi Machi, kikatupwa jaani mwezi Agosti. Mwenyezi Mungu amesema: "Kuleni na kunyweni wala msifanye israfu."

Nataka mumeo aelewe pia jinsi rafu inavyokuwa tupu, maana wengi wanadhani rafu tupu ni dalili kuwa nchi imeishiwa. Duka haliweki unga wa miezi. Huweka wa siku chache na kuagiza kulingana na mauzo ya kawaida. Siku moja kila mteja mwenye gari akichukua mara nne ya mahitaji yake, rafu huisha kabla lori la pili halijafika, ijapokuwa kinu kinasaga na ghala limejaa. Anayekuja jioni akiona rafu tupu anaogopa, kesho yake anakuja alfajiri na kuchukua mara sita. Uhaba huo umetengenezwa na wanunuzi wenyewe. Na anayeumia hakuwahi kuwa na pesa ya kuagiza robota. Huyo hununua kwa siku: unga wa kupima nusu kilo, mafuta ya shilingi 20, sukari ya kufunga kwenye karatasi. Duka lake ni kibanda cha mtaani, na mwenye kibanda hununua kwa muuzaji wa jumla, yule yule ambaye mumeo aliyachukua marobota 14 kwake. Ndiyo maana jirani yako alikuwa na pesa mkononi na akakosa chakula cha kununua.

Hoja ya pili, nayo inanisikitisha zaidi: "mimi si mfanyabiashara, na ihtikari haiko kwenye sanitaiza." Hilo la kutokuwa mfanyabiashara halina uzito. Mtume (s.a.w.) amesema katika Hadithi ya Ma'mar bin Abdillah iliyomo katika Muslim: "Hafanyi ihtikari ila mkosaji." Hakusema ila mwenye duka. Siku aliyonuia kuuza bei ikipanda, chumba cha watoto kimekuwa ghala. Haya, kuna wanaoikata Hadithi hii kwa kusema kuwa Said bin Al-Musayyib aliyeipokea alikuwa akiweka bidhaa, na alipoulizwa akajibu kuwa Ma'mar mwenyewe alikuwa akifanya hivyo. Maneno hayo yamo humo humo katika Muslim, wala hatuyakimbii. Wanachuoni wamejibu kuwa walichokuwa wakiweka ni mafuta, na wao waliielewa Hadithi kuwa inahusu chakula kinachohitajiwa na watu wakati wa ughali. Basi mfano wao unamsaidia anayeweka bidhaa ambayo soko limejaa. Aliyefungia unga wakati jirani anautafuta, mfano huo unamshitaki.

Ama sanitaiza na barakoa, ni kweli Nawawi amesema kuwa ihtikari iliyoharamishwa ni ya vyakula. Sitaficha kauli hiyo ili nishinde hoja. Lakini hapo hapo ameeleza hekima ya uharamu kuwa ni kuwaondolea watu wote madhara, na akanakili ijmai, yaani makubaliano ya wanachuoni, kuwa mtu akiwa na chakula ambacho watu wamefikwa na dharura nacho na hawapati kingine, atalazimishwa kukiuza. Imam Malik ameiona ihtikari katika chakula na kisichokuwa chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, amesema kila ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni ihtikari. Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Zamani kilichowafisha watu kikizuiwa kilikuwa nafaka. Leo muuguzi wa zahanati asiye na cha kutakasia mikono yuko katika hatari, yeye na wagonjwa wake. Anayeshika neno la madhehebu akaitupa sababu yake, iliyoelezwa na imamu yule yule mahali pale pale, anaifuata faida yake na kuipa jina la madhehebu. Mimi siwezi kumfutia mtu huyo dhambi kwa kuwa chupa haiitwi chakula.

Watasema: lakini Mwenyezi Mungu ameruhusu biashara ya kuridhiana, na Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji bei, mwenye kubana na kukunjua. Hadithi hiyo ni ya Anas, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Bei ile ilipanda kwa sababu alizozijaalia Mwenyezi Mungu, kama mavuno kupungua au wanunuzi kuongezeka, bila ya mtu kuficha mali. Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa kupanga bei kuna kwa dhulma na kuna kwa uadilifu: kumlazimisha muuzaji asiye na kosa kupata hasara ni dhulma, na kumlazimisha aliyezuia mali ambayo watu wanaihitaji auze kwa bei ya mfano wake ni uadilifu. Mamlaka ya ushindani hapa Kenya iliagiza duka moja kubwa liwarudishie wateja ziada iliyotozwa kwenye sanitaiza, siku chache tu baada ya tarehe 13. Nilisikia watu wakisema serikali imeingilia riziki za watu. Hapana. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanywa na msimamizi wa soko katika miji ya Waislamu. Na mama ambaye mtoto wake hana cha kula, ukimwambia pakiti ni mara mbili ya bei naye akalipa, hajaridhia. Amebanwa.

Maneno ya Umar (r.a.), aliyoyapokea Imam Malik, yanatosha kwa soko la Kongowea kama yalivyotosha kwa soko la Madina. Alisema hakuna ihtikari katika soko letu. Watu wenye ziada ya dhahabu mikononi mwao wasiiendee riziki ya Mwenyezi Mungu iliyoteremka uwanjani petu wakatufungia. Lakini aliyeleta bidhaa kwa taabu ya mgongo wake, kiangazi na kipupwe, huyo ni mgeni wa Umar, auze atakavyo na aweke atakavyo. Basi anayetoa nyanya Taveta na kuzifikisha hapa wakati huu wa kafyu, na nauli imepanda, akiongeza bei kwa gharama yake hana lawama, na msimwite mhtikari. Lawama ni kwa aliyeikuta riziki imekwisha kufika akaifungia mlango.

Na yule ustadhi wa sauti? Amekosea kwa upande wa pili, na kosa lake linadhuru, kwani msikilizaji huogopa hata kununua dawa ya mtoto. Tawakkuli haifutwi na kuchukua sababu. Umar alipofika Sargh, kijiji cha njiani kuelekea Sham, akasikia tauni iko Sham, alirudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Nabii Yusuf (a.s.) aliweka nafaka miaka saba, tena akafundisha namna ya kuweka: iachwe katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Lakini aliweka miaka ya neema na akatoa miaka ya njaa, na wafasiri wamesema alikuwa akimpa kila mtu shehena ya ngamia mmoja, hazidishi, ili wa mbali naye apate. Kwa hiyo duka linaloandika "pakiti mbili kwa kila mteja" halijakutukana. Usimtume mtoto wa kwanza, wa pili na shemeji kupanga foleni tatu ili kulikwepa tangazo hilo. Hiyo ni hila.

Nimesema mengi kuhusu makosa ya mumeo, na sasa naomba nimsemee. Mwanamume aliyeondolewa kazini wiki moja na kusikia maradhi yamefika wiki ile ile, ana watoto wanne, ameogopa. Aliyepanga foleni ya unga wa ruzuku wa shilingi 90 mwaka 2017 hahitaji kuelezwa uhaba ni nini. Hofu yake haikutokana na uchoyo, ingawa sasa inaelekea huko. Kwa hiyo usimsomee jibu hili mbele ya watu wala mbele ya watoto. Mngojee amekula, ametulia, umpe simu asome mwenyewe. Anza kwa kumshukuru kuwa aliwafikiria nyinyi. Kisha mwambie kuna njia ya kutoka ambayo haimpotezei kitu.

Njia yenyewe ni hii. Abakishe marobota mawili ya unga, gunia moja la mchele na mtungi mmoja wa mafuta. Kwa watu sita hicho ni zaidi ya mwezi, na nimekunjua kidogo kwa kuwa Ramadhani iko mbele na kazi hana. Akiweke juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta, na mle kwanza chenye tarehe ya karibu. Marobota 12 yaliyobaki, gunia la pili na mitungi mitatu ayatoe wiki hii, asingoje. Akienda kwanza kwa muuzaji wa jumla aliyemuuzia, na risiti anayo na marobota hayajafunguliwa, huenda akapokelewa kwa furaha kwa kuwa mwenye ghala anatafuta mzigo. Akikataliwa, awape wenye vibanda vya mtaani kwenu kwa sharti wauze kwa bei ya kawaida na wasimpe mtu mmoja zaidi ya pakiti mbili. Au auze mwenyewe, pakiti pakiti. Lakini asitangaze kuwa unga upo saa fulani, maana utaita umati mlangoni, na umati ndio tunaouepuka. Apate orodha kwa balozi wa nyumba kumi au kwa kamati ya msikiti, aanze na wajane na wanaoishi kwa kibarua cha siku, awaite mmoja mmoja baada ya Alasiri ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya saa moja jioni.

Bei gani? Sharia haimlazimishi auze kwa hasara, wala haimlazimishi auze bila faida. Akiuza leo, kwa bei ya kawaida ya leo, bila kuficha, hiyo si ihtikari. Ushauri wangu ni kuwa auze kwa bei aliyonunulia na nauli juu yake. Na kama tayari ameuza pakiti chache kwa bei ya kuumiza, mauzo yamesihi na pesa ni yake, lakini ana dhambi ya kutubia. Anaowajua awarudishie ziada, asiowajua awatolee sadaka kwa kiasi hicho.

Pesa zitakazoingia zina wenyewe. Kwanza mkopo wa simu. Nyongeza ile ni riba, iwe imeitwa ada au huduma, na ukichelewa huongezeka. Aulipe wote mara moja, atubie, wala asichukue mwingine kulipia huu. Kurundika chakula kwa pesa ya riba ni kujikinga na njaa kwa kutangaza vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Aya ya Suratul Baqara iko wazi. Pili kodi ya nyumba. Mwenye nyumba ana haki yake, na mwezi unaisha. Mumeo amwendee kabla hajaitwa, amweleze hali, ampe alichonacho na wakubaliane tarehe. Wenye nyumba nao nawakumbusha kuwa Qur'ani imeamuru mwenye shida asubiriwe hadi apate wepesi.

Sanitaiza isitiwe maji hata kijiko. Sanitaiza yenye alkoholi ya asilimia 70 ukiongeza nusu lita ya maji katika lita moja, inashuka hadi asilimia 46 na kitu. Wataalamu wa afya wanataka isipungue 60. Basi mtu atanunua, atapaka, atajiona amekingika, atashika uso wa mtoto wake, na mikononi maradhi yapo. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu chini, akasema: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Ile ilikuwa nafaka iliyonyeshewa mvua. Hii inaweza kuua. Huyo rafiki aambiwe hivyo hivyo, bila kumung'unya.

Tena nyumbani kwenu hamuhitaji makatoni hayo. Kirusi hiki kina gamba la mafuta, na sabuni hulivunja. Sabuni ya mche na maji yanayotiririka, sekunde 20, mkisugua kati ya vidole, chini ya kucha na vidole gumba, inatosha. Najua Kisauni maji hununuliwa kwa mtungi, basi toboeni chupa kwenye kifuniko, itundikeni, maji yatoke membamba. Mtu mmoja anaosha vizuri kwa chini ya nusu lita. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita. Bakisheni chupa mbili za kutokea nje. Nyingine ziuzwe kwa bei ya haki kwa wasio na bomba karibu: zahanati ya mtaa, makanga wa matatu, wachukuzi wa sokoni, wauza maji wenyewe.

Nimebakisha swali lako la jirani. Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim inasema mwanamke akitoa katika chakula cha nyumba yake bila kuharibu, anapata ujira kwa alichotoa na mumewe anapata ujira kwa alichochuma. Wanachuoni wameeleza kuwa idhini ni ya aina mbili: ya kutamkwa, na ya ada, yaani vitu ambavyo hujulikana kuwa mume haoni uzito navyo, kama sahani ya chakula kwa jirani. Basi chakula kilichopikwa mpelekee leo, bila kuuliza. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr (r.a.) akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie jirani zake. Ama pakiti za unga ambazo mumeo amekataa kwa ulimi wake, usizitoe kwa siri, kwani idhini ya ada imefutwa na katazo lake. Kama una pesa yako mwenyewe, ya chama au ya kushona au ya zawadi, nunua pakiti mbili kwake kwa bei aliyonunulia na uzitoe. Mali yako hahitaji kukupa ruhusa. Na yeye mwambie waziwazi kuwa unamnunulia jirani, asiseme baadaye ulimzunguka.

Jirani naye mwendee. Msimame mbali kidogo kama tunavyoelekezwa, umwombe radhi kwa siku ile. Usimweleze aibu za mumeo. Mwambie tu kuwa mlikuwa mmebabaika.

Mumeo akikataa yote haya, dhambi ya kuzuia ni yake. Wewe na watoto kuleni, chakula cha nyumbani kwenu hakijawa haramu kwa sababu ya kukosea kwake katika kukinunua, na wajibu wake wa kukulisheni haukuondoka. Usimsaidie kuficha, usimsaidie kuuza kwa bei ya kuumiza, wala usiitie maji chupa hata moja akikuamrisha, maana hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Endelea kumnasihi kwa upole. Akitaka kuzungumza nami, nipo tayari kumsikiliza baada ya Isha kwa simu, na hatajwi jina.

Wallahu a'lam.